Ubeti wa Shati

Mwanangu Nasra,

Mama yako yuko chumbani anafungua begi lako na kulifunga tena. Ameshakwambia habari za baridi ya Dodoma unakokwenda kusoma, za blanketi, za kula kabla hujatoka, na za watu wa kukaa nao na watu wa kuwapita mbali. Mimi sina la kuongeza hapo. Nimekaa barazani na karatasi nilizochukua mezani kwako, na nataka nimalize kabla hujarudi kutoka kuwaaga wenzako. Ukinikuta na kalamu utaniuliza naandika nini, nami nitasema, "Hakuna." Ndivyo nilivyo, na unanijua.

Nataka kukuhadithia habari unayoijua kuliko mimi. Hujawahi kuisikia kutoka kwangu, hata siku moja, na kesho unapanda boti. Nitakuhadithia kama nilivyoijua mimi, kwa mfuatano ule ule, kwa sababu kosa langu limo humo humo katika mfuatano.

Kaka yako Rahimu alikuwa na miaka kumi na mitatu, wewe minane. Hukumbuki labda kwamba alikuwa akivaa makubadhi kwa kukanyaga visigino mpaka yakawa kama sahani, na kwamba nilimgombeza kila siku kwa hilo. Ningeweza kununua makubadhi mengine. Niliona ni adabu, nikashikilia adabu. Siku hizi nikimwona mtoto kakanyaga visigino namwacha apite, halafu namtazama mpaka anapotea.

Ilikuwa Idi pili. Mama yako alikwenda kwa jamaa zake Ng'ambo, nami nikakuchukueni nyote wawili Forodhani, kwenye mashine yangu ya miwa. Rahimu anisaidie kuosha gilasi, wewe ule vya sikukuu. Watu walikuwa wamejaa, watoto kwa wakubwa, nguo mpya, manukato, moshi wa mishikaki. Vijana walikuwa ukutani wakipiga makachu, wanakuja mbio na kujitupa baharini, mmoja kwa kichwa, mwingine kwa mgongo, na watalii wanapiga picha. Rahimu aliosha gilasi huku anawatazama. Nikamwambia, "Nenda, lakini usikawie." Alikuwa ananiomba kwa macho, nami nilitaka kuwa baba mzuri siku ya sikukuu. Hilo silijutii. Nimejaribu kulijutia, nimeshindwa. Alifurahi sana.

Alivua kanzu yake mpya akakupa uishike.

Kilichofuata nilikijua kwa sauti za watu. Nilisikia mwanamke anapiga kelele, nikadhani ni mwizi. Niliendelea kuzungusha gurudumu. Halafu niliwaona watu wote wamegeuka upande mmoja. Maji yalikuwa yameshaanza kupwa na yeye hakuangalia, akaangukia penye mawe. Vijana walimtoa. Wewe ulikuwa umesimama pale pale ukutani na kanzu yake mikononi, imekunjwa vizuri.

Tulimzika asubuhi yake, Mwanakwerekwe.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo hatujawahi kulitaja. Siku ya matanga, nyumba imejaa, mashehe wamemaliza kusoma, watu wanakunywa kahawa, nilikuita mbele yao. Nilikuwa sijalala. Si udhuru, nakwambia tu nilivyokuwa. Nikakuuliza, "Nasra, mimi nilikuwa pale pale karibu. Kwa nini hukuniita?"

Ulinitazama. Ulifungua mdomo, ukaufunga. Ami yako akanishika mkono, akasema, "Makame, mtoto huyo, mwache." Nikakuacha. Lakini nilikuwa nshasema, na kila aliyekuwa pale alisikia, na wewe ulisikia kuliko wote.

Tangu siku ile hukusema. Mwanzo tulidhani ni siku mbili tatu. Mwalimu alimwita mama yako akamwambia kwamba darasani umekaa tu. Tukakupeleka hospitali, wakakutazama koo na masikio, wakasema mzima. Tukakupeleka kwa shehe akakusomea. Ulikuwa unatii kila kitu. Ukiambiwa kula unakula, ukiambiwa lala unalala. Midomo yako tu ndiyo ilikuwa ikichezacheza bila sauti, siku nzima, na mimi nilidhani unasoma sura za Kurani, nikajipa moyo.

Halafu nikakupeleka Mkokotoni kwa shangazi yangu, Bi Mize. Niliwaambia watu kwamba mtoto anahitaji hewa na mahali papya. Mama yako alilia, akasema, "Mmoja kaondoka na Mungu, na huyu unamwondoa wewe." Nikamwambia ni kwa muda. Ukweli, mwanangu, ni kwamba nilikuwa siwezi kukutazama. Ukiwa mezani nakuona ukutani na kanzu ile. Nilimhamisha mtoto wa miaka minane ili mimi nipate kula chakula changu. Mama yako alikuwa akija kukuona kila Ijumaa. Mimi nilipeleka sukari na unga kwa watu wa gari.

Yaliyotokea kwa Bi Mize niliyajua kwa mama yako. Bi Mize, Mungu amrehemu, hakuwa mtu wa kubembeleza watoto. Alikuwa mkali, anatafuna tambuu, anashona kofia na kugombana na kuku wa jirani. Ujanani alikuwa akighani tenzi kwenye shughuli za watu, na miguu ilipochoka ikawa anaghani peke yake, jikoni. Hakukuonea huruma hata kidogo. Nafikiri ndiyo maana ulimpenda.

Siku moja, anapepeta mchele, akakuona midomo inacheza. Akakuuliza, "We mtoto, unaleta uradi gani huo usiokwisha?"

Ukamjibu. Mwaka mzima hukusema na mtu, ukamjibu yeye. Ukasema, "Nahesabu."

"Unahesabu nini?"

"Kaka kaniambia nihesabu mpaka atoke."

Bi Mize akaweka ungo chini. Kisha akasema, "Umefika ngapi?"

"Sijui. Nyingi."

"Hiyo yako haina mwisho, utachoka. Mimi nahesabu mpaka nane. Ikifika nane napumua, naanza tena. Kaa hapa nikuonyeshe."

Akakufundisha kuhesabu mizani za utenzi kwa vidole, silabi nane kila mstari, na mistari minne ubeti. Hakukwambia utapona. Hakukwambia kaka yako yuko peponi, ingawa sote tunaamini hivyo na sote tulishakwambia. Alikwambia tu, "Hiyo imevunjika, ina tisa. Toa neno moja." Ukatoa neno moja. Akakwambia, "Kina hicho ni cha uvivu." Ukatafuta kina kingine. Mlikaa hivyo miezi, yeye na kofia yake na wewe na vidole vyako, na sauti yako ikarudi kidogo kidogo, kwanza kwa kughani tu, kisha kwa kuomba maji, kisha kwa kubishana naye.

Mama yako alikuwa akinihadithia haya kila Ijumaa jioni akirudi. Nilikuwa nasema, "Alhamdulillahi," na naondoka barazani. Sikuuliza unaghani nini.

Ikaja siku ya wazazi shuleni kwako, huko Mkokotoni. Mama yako alinambia, "Safari hii usipokwenda, usinisemeshe." Nikaenda. Tulikaa kwenye viti vya nyuma, chini ya turubai. Watoto waliimba, wakacheza ngoma, kisha mwalimu akakutaja. Ulitoka mbele na sare yako, umefunga ushungi vizuri, umekuwa mrefu. Nilikuwa sijakuona tangu mfungo uliopita. Ukaanza kughani, na sauti ilikuwa yako ile ile, ila imeshuka chini kidogo.

*Kaka yangu ni Rahimu*
*Alinipa jambo gumu*
*Kuhesabu kwa nidhamu*
*Hadi atoke majini.*

Mama yako alinishika goti.

*Moja, mbili, nikasema*
*Tatu, nne, nikahema*
*Maji hayakusimama*
*Hakutoka baharini.*

Na kisha:

*Baba, nikavuta shati*
*Akasema, si wakati*
*Subiri kidogo, keti*
*Nikarudi ukutani.*

Nasra, pale ndipo nilipokumbuka. Mashine ile ukiizungusha husikii kitu. Foleni ilikuwa ndefu, na siku ya Idi kila mtoto anakuvuta nguo, huyu anataka mrija, huyu anataka chenji. Nikahisi shati linavutwa nyuma. Nikasema, "Subiri kidogo, keti hapo kwenye kreti." Sikugeuka. Sikujua ni mkono wa nani. Mtu aliyegeuka angeona mtoto wake ameshika kanzu ya kaka yake bila ya kaka mwenyewe, na angeelewa.

Mpaka leo sijui kama siku ya matanga nilikuwa nimesahau kweli, au kuna mahali ndani yangu palikuwa panajua, na ndiyo maana nikakuuliza kwa ukali vile, ili jibu lako lisitoke. Nimejichunguza sana. Sipati. Ninachojua ni kwamba wewe ulikuwa na jibu mdomoni na ukaufunga mdomo mbele ya watu ili usiniaibishe. Ulikuwa na miaka minane, na ukanistiri. Na kwa kunistiri ukanyamaza mwaka mzima.

Uliendelea kughani, mimi nikaondoka. Nilikwenda mpaka dikoni, nikasimama kwenye matope na viatu vyangu vya shughuli. Wavuvi walikuwa wanatengeneza nyavu. Baada ya muda nikakusikia nyuma yangu. Safari hii niligeuka.

"Baba, umesikia?"

"Nimesikia."

"Yote?"

"Yote."

"Haya, twende. Bi Mize kapika pweza, ukichelewa anakasirika."

Basi. Nilingoja ulie, au unilaumu, au unipige. Ungenipiga ningeshukuru. Wewe ulinishika mkono tukavuka barabara, ukaangalia magari kulia na kushoto, ukanivusha kama mtu anavyomvusha mtoto. Ulikuwa umemaliza. Ulikuwa umekibeba kitu kile mpaka ukapata pa kukitua, na ulipokitua hukuangalia nyuma. Na kwangu ndipo kilipotua.

Kwenye gari ya kurudi mjini mama yako aliniuliza, "Ulimwambia akae?" Nikasema, "Ndiyo." Hakuuliza tena, siku ile wala siku nyingine. Alilala chumba cha watoto mpaka wewe uliporudi kuishi nasi. Tumeishi vizuri, hatugombani, umeona mwenyewe. Lakini nikisikia anacheka na watu uani, nikitokea anamalizia kicheko haraka. Hajui kama anafanya hivyo. Wewe unakwenda kesho, na kicheko chenyewe sijui kama kitabaki.

Watu wanadhani mtu hupoa. Wanasema ni kadari, nami naamini ni kadari, kaka yako alikuwa na siku yake imeandikwa. Nimeisema sala kwa sala. Lakini kadari haikunikataza kugeuza kichwa. Pengine asingeokolewa hata kidogo. Daktari alisema alikwenda papo hapo. Mara nyingine naamini, mara nyingine nadhani alisema kwa kutuhurumia. Na hata kama ni kweli, wewe ungekuwa umeita na baba yako amekuja. Ungekuwa hukusimama peke yako. Hilo lilikuwa mkononi mwangu, halikuandikwa popote, na sikulifanya.

Niliihamisha mashine Darajani. Forodhani sijakanyaga tena. Ulinialika mwezi uliopita, ukasema, "Baba, twende mara moja kabla sijaondoka, tukae tu." Nilikwambia mgongo unaniuma. Hauumi. Wewe unakwenda pale, unakaa juu ya ukuta ule, unawatazama watoto wanaruka na unaweza kurudi nyumbani ukala. Nakutazama unavyokula, nashangaa. Sikuonei wivu, usidhani. Ila kuna siku nilijaribu na mimi. Nilijifungia, nikahesabu kwa vidole kama alivyokufundisha Bi Mize. Nilipata mstari mmoja, una silabi tisa, na sikujua neno la kutoa.

Ubeti wako ninaoujua kwa moyo ni ule uliomwandikia kaka yako mwishoni, baada ya kurudi nyumbani Kikwajuni:

*Nahesabu hadi nane*
*Napumua, tuonane*
*Kaka, tusipotezane*
*Ukae mwangu kinywani.*

Nausoma nikiwa peke yangu, nikiosha gilasi. Unanifikisha pumzi ile ya baada ya nane, halafu unaniacha hapo. Haidhuru. Hukuniandikia mimi.

Sasa nakuja kwenye kitabu chako.

Mama yule mchapishaji alipoleta zile karatasi zilizopigwa chapa, ulimpa mama yako asome, naye akanipa mimi. Hujui kwamba nimezisoma zote. Nilizisoma Darajani, wateja wanakuja, nawakamulia, narudi kusoma. Utenzi wote kwa watoto, habari ya msichana na kaka yake na bibi mkali wa kofia, na picha ya kuku. Nilicheka kwenye kuku. Nilifika ukutani, moja, mbili, tatu, nne, hakutoka baharini. Nikafunua ukurasa. Watu wameshakusanyika. Nikarudi nyuma nikidhani karatasi mbili zimeshikana. Nikahesabu kurasa. Ubeti wa shati haumo.

Ulipokuja kuniletea chakula nikakuuliza, "Ule wa shati uko wapi?"

Ukasema, "Nimeutoa, baba."

"Umevunjika?"

"Haujavunjika." Ukawa unafungua bakuli, hunitazami. "Kitabu kitasomwa na watu wanaokujua. Watoto wa hapa mtaani watakisoma. Si lazima."

Nikala. Nikasema chakula kizuri. Ukaondoka, na mimi nimekaa na jambo hilo tangu siku ile, na leo ndiyo siku yangu ya mwisho ya kulisema ukiwa bado uko nyumbani kwangu, na bado siwezi kulisema kwa mdomo. Ndiyo maana naandika.

Urudishe ubeti ule.

Najua kwa nini umeutoa. Ulinistiri mara ya kwanza ukiwa mdogo, na sasa unataka kunistiri tena ukiwa mtu mzima. Sitaki, mwanangu. Stara yako ya kwanza ilikugharimu sauti. Hii ya pili itakugharimu kitabu, na wewe ndiye uliyenambia kwamba Bi Mize hakuwa akiruhusu ubeti uondolewe kwa sababu unauma, ila kwa sababu umevunjika tu. Huu ni mzima. Umesema mwenyewe.

Watu wa mtaani wataniangalia, ndiyo. Waniangalie. Nimejiangalia miaka yote hii, macho yao hayatanizidi yangu. Atakayeuliza, "Makame, ni kweli?" nitamwambia ni kweli. Huenda hilo ndilo neno moja nitakaloweza kusema kwa mdomo wangu kuhusu mwanangu Rahimu, na sitalipata ila mtu aniulize.

Tena kuna watoto wengine. Sikwambii haya kama mtu mwenye busara, sina. Nakwambia ninachokiona pale Darajani, watoto wanavuta nguo za watu wazima na watu wazima hawageuki. Wengi wanataka peremende tu. Mmoja kati yao hataki peremende. Huyo atakisoma kitabu chako siku moja, na asipoukuta ubeti wa shati atadhani ni yeye peke yake aliyeambiwa akae.

Ukirudi sasa hivi utanikuta nimekaa kama kawaida. Barua nitaitia kwenye begi mama yako akishalifunga, na kesho bandarini nitakubebea mzigo, nitakwambia uende salama, na hutoona kitu usoni mwangu. Usidhani sina la kusema. Ulikwishanijua.

Usiogope kuniacha. Nitakuwa hivi hivi ukiwepo na usipokuwepo, kwa hiyo usirudi kwa ajili ya kuniponya. Rudi ukimkumbuka mama yako, rudi ukitaka pweza. Andika. Na mama yule akikuuliza kwa nini unachelewesha kitabu kwa ubeti mmoja, mwambie hivi. Bila ya ubeti ule, kila atakayesoma atafika ukutani, atamwona msichana amesimama na kanzu, na atamuuliza lile lile nililokuuliza mimi mbele ya watu: mbona hukuita?

Uliita, Nasra. Uliita mapema, na uliniita mimi. Waandikie wajue.

Baba yako,
Makame